PIKIPIKI IKIKATAA, FUATA NJIA YA MAFUTA

Mazungumzo ya mhudumu wa jamii mbele ya vijana wa bodaboda na familia zao, Nakivale. Yamechapwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



Leo sikuja kusema juu ya chanjo wala juu ya mgawo wa chakula. Nimekuja kusema juu ya pikipiki. Mzee mmoja ameniuliza pale mlangoni, mambo ya pikipiki yanamhusu nini mhudumu wa jamii? Yananihusu sana. Mama akishikwa na uchungu usiku kule Juru au Rubondo, mara nyingi kinachomfikisha kwenye kituo cha afya ni pikipiki ya jirani. Mtoto mwenye malaria kali huletwa juu ya pikipiki, amebanwa kati ya dereva na mama yake. Tena wengi wenu mnaendesha pikipiki za watu wengine, na mwenye mali anataka hesabu yake ya siku, iwe pikipiki imetembea au imelala.

Nikizunguka katika vijiji vyetu nimeona jambo moja. Pikipiki ikikataa kuwaka, au ikizimika njiani, mtu anakimbilia kununua. Ananunua plagi. Ikikataa tena, ananunua koili. Mwishoni ananunua kabureta nzima kutoka Mbarara, na baada ya juma moja ugonjwa ni ule ule. Fedha ya sabuni na ya daftari za watoto imekwisha. Na mara nyingi ugonjwa wenyewe ulikuwa takataka, au maji, au hewa iliyokosa njia. Vitu hivyo vitatu haviuzwi dukani, na kuviondoa hakuhitaji kununua kitu.

Kwanza tukubaliane juu ya neno, maana hapa tumekutana watu wa nchi nyingi. Sisi tuliotoka Kongo, mafuta ya pikipiki tunayaita esansi, na tukisema petroli wengi wetu tuna maana ya mafuta ya taa. Hapa Uganda petroli ni hiyo esansi yenyewe, ile inayowaka kwa kishindo. Mgeni aliyefika juzi akienda dukani kuomba petroli ya kutia katika taa, muuzaji atampa ya pikipiki, naye hatakuwa amekosea. Taa hiyo ikiwashwa, nyumba inaungua. Kwa hiyo leo nikisema petroli, nina maana ya mafuta ya pikipiki. Ya taa nitayaita mafuta ya taa. Mwenye mgeni nyumbani amweleze jambo hili leo hii, asingoje kesho.

Sasa tuingie katika kazi.

Ninasema juu ya pikipiki za zamani zenye kabureta, yaani Boxer nyingi tulizo nazo, na zile Yamaha na Honda za mashirika zilizochoka zikauzwa. Pikipiki mpya ambazo mafuta husukumwa na pampu iliyo ndani ya tanki hazimo katika maneno yangu. Hizo mpeleke fundi, wala usivute mpira wake, maana mafuta yamo humo kwa nguvu na yanaweza kukurukia.

Injini inataka vitu vitatu ili iwake: hewa, petroli na cheche. Kabla hujalaumu petroli, iulize plagi. Piga kiki mara saba au nane, kisha fungua plagi uitazame. Ikiwa kavu kabisa, haina hata harufu, petroli haifiki, nawe uko katika somo letu la leo. Ikiwa imelowa petroli, basi mafuta yanafika, labda hata yamezidi, au cheche ndiyo haipo. Ikiwa nyeusi kama masizi, kavu lakini nyeusi, fungua kwanza chujio la hewa. Vumbi la barabara zetu katika miezi ya kiangazi hulijaza likawa kama tofali, na injini ikikosa hewa hunywa petroli kupita kiasi. Zile Yamaha za aina ya AG100 huchoma mafuta ya injini pamoja na petroli, kwa hiyo plagi yake kuwa na mafutamafuta kidogo si ugonjwa.

Angalizo hapa: watu hupima cheche kwa kuigusisha plagi kwenye chuma cha injini na kupiga kiki. Usifanye hivyo baada ya kumwaga petroli, wala mahali penye harufu yake. Cheche ni moto.

Ikiwa plagi ni kavu, anza juu, kwenye tanki, ushuke pamoja na mafuta. Maji ya mfereji yakikauka shambani huanzi kuchimba katikati ya shamba. Unakwenda penye chemchemi na kufuata mfereji mpaka mahali palipoziba. Petroli nayo ina mfereji wake: hutoka katika tanki, ikapita koki, ikapita mpira na chujio dogo, ikaingia katika bakuli la chini la kabureta, ikanyonywa kupitia matundu madogo yanayoitwa jeti, ikaingia katika injini. Hakuna pampu. Inashuka kwa uzito wake tu.

Tikisa pikipiki usikie kama kuna petroli. Msicheke. Kipimo cha mafuta cha pikipiki kuukuu husema uongo. Halafu tazama koki. Pengine mtoto ameichezea ikafungwa, pengine mafuta yamefika kiwango cha akiba nawe hujageuza. Tena jueni kwamba tanki la pikipiki limekaa juu ya fremu kama tandiko juu ya mgongo wa punda, lina bonde huku na bonde huku. Koki iko upande mmoja tu. Mafuta yakiwa machache, yale ya upande wa pili hayawezi kuvuka. Ilaze pikipiki mpaka karibu iguse chini kwa upande wenye koki, kisha iinue. Kiasi hicho kidogo kinaweza kukufikisha kwenye duka la karibu badala ya kusukuma.

Baada ya hapo kuna kifuniko cha tanki, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo fedha nyingi hupotea.

Kifuniko kina tundu dogo la hewa. Petroli inaposhuka, hewa lazima iingie kujaza nafasi yake. Chukua chupa ya maji, itoboe tundu dogo chini na ufunge kizibo sawasawa. Maji yatatoka kidogo kisha yatakatika. Legeza kizibo, yatatoka tena. Tanki ni vilevile. Tundu la kifuniko likiziba, pikipiki huwaka vizuri asubuhi, hutembea kilomita kadhaa, kisha hupungua nguvu kama mtu mwenye njaa, ikazima. Dereva anakaa chini ya mti dakika 10, hewa inapenya polepole, pikipiki inawaka tena. Anasema, labda ni joto la injini. Anasafiri, inazima tena.

Kuna kijana wa hapa aliyesumbuka hivyo karibu mwezi mzima katika safari zake za Mbarara. Alikuwa amekwisha kubadili plagi na kabureta. Kumbe wakati wa mvua alikuwa ameweka kipande cha mfuko wa plastiki chini ya kifuniko ili maji yasiingie katika tanki. Nia yake ilikuwa njema, ila tundu la hewa alikuwa amelifunika. Mfuko ulipotolewa, ugonjwa ulikwisha siku hiyo hiyo, na kabureta yake ya zamani, ambayo haikuwa na kosa lolote, alikuwa amekwisha kuiuza kwa bei ya vyuma vikuukuu.

Kipimo chake ni rahisi. Pikipiki ikizima njiani kwa namna hiyo, usingoje. Fungua kifuniko mara moja. Ukisikia hewa ikiingia kwa mlio kama mtu anayevuta pumzi, na pikipiki ikawaka, umepata ugonjwa. Safisha tundu kwa maji ya sabuni na brashi, lipulizie hewa kwa pampu ya baiskeli, likaushe. Usitoboe tundu jingine kubwa juu ya kifuniko, maana hilo litaingiza mvua na kumwaga petroli kwenye mapaja yako siku utakapoanguka.

Ikiwa kifuniko ni kizima, chukua chupa safi inayoonyesha ndani. Injini iwe imepoa, nawe uwe nje, mbali na sigiri, mbali na sigara. Funga koki, vua mpira pale unapoingia katika kabureta, uingize katika chupa, kisha fungua koki. Petroli inatakiwa kutoka mfululizo, bila kukatika. Ikitoka kwa matone tangu mwanzo, fungua kifuniko cha tanki. Ikibaki matone, kizuizi kiko katika koki au mpira. Ndani ya tanki, juu ya koki, pana chujio dogo la wavu ambalo hukusanya kutu na udongo. Itabidi umwage tanki lote ili kulisafisha. Mpira nao hukakamaa kwa jua, hukunjika, au huvimba ndani hata njia ikawa nyembamba ingawa kwa nje unaonekana mzuri. Kuna wanaofunga chujio la plastiki la pikipiki nyingine, mpira ukawa mrefu na kupinda juu kabla ya kushuka. Petroli haipandi mlima yenyewe. Kata mpira uwe na urefu unaotosha tu.

Sasa usiimwage ile petroli ya chupa. Iache isimame dakika 10, kisha itazame kwenye mwanga wa jua. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini, yakionekana kama shanga au kama tabaka lenye mstari. Kutu huonekana kama unga mwekundu. Ukiona maji katika chupa, jua kwamba na katika bakuli la kabureta yamo, kwa kuwa bakuli ndilo bonde la mwisho.

Maji hayo yanatoka wapi? Hebu tuangalie safari ya petroli yenyewe. Petroli nyingi ya Uganda hushushwa kutoka melini Mombasa, ikapita katika bomba hadi Kisumu na Eldoret, ikapakiwa katika malori ya matanki na kuvuka mpaka huko Malaba na Busia. Malori hupita Kampala na Masaka, yakapita Makenke karibu na kambi ya jeshi, ndipo yakaingia Mbarara. Mpaka hapo imebebwa katika vyombo vya kazi hiyo. Kutoka mjini kuja kwetu, inaingia katika jerikani ambayo jana ilibeba maji au mafuta ya kula. Kutoka jerikani inaingia katika chupa ya soda iliyosuuzwa na kufunikwa ikiwa bado imelowa. Kila inapohamishwa inaokota kitu. Silaumu wanaouza. Wanatafuta riziki kama sisi, na bila wao nani angepata petroli saa nne ya usiku? Bali muuzaji akaushe chupa zake juani kabla ya kujaza, na mnunuzi aitazame chupa kwenye mwanga kabla ya kulipa. Kitambaa juu ya mrija huzuia takataka, lakini maji hupenya, kwa hiyo usikitegemee. Matone ya mwisho ya chupa usiyamimine katika tanki.

Kuna na wenye kuchanganya mafuta ya taa, hasa petroli inapoadimika. Mnakumbuka Januari 2022, madereva wa malori walipogoma mpakani juu ya vipimo vya Korona, na lita moja ikafika shilingi 10,000 na kuzidi mahali pengine. Siku kama hizo mtu hununua chochote chenye harufu. Petroli yenye mafuta ya taa huwaka kwa shida asubuhi, hutoa moshi, na injini hugonga ikipanda mlima. Dondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe kavu. Petroli safi hukauka upesi na karatasi hubaki karibu kama ilivyokuwa. Ikiacha doa la mafuta lisilokauka, imechanganywa. Kipimo hiki si cha maabara, lakini kimewaokoa wengi.

Turudi kwenye pikipiki. Ikiwa petroli inatoka vizuri kwenye mpira, rudisha mpira mahali pake, ushuke hadi kabureta. Chini ya bakuli pana skrubu ya kumwagia. Weka chupa, ilegeze. Yakitoka maji kwanza na petroli baadaye, acha yatoke mpaka petroli iwe safi, ufunge, ujaribu kuwasha. Mara nyingi kazi inakwisha hapo. Ikiwa bakuli ni tupu ingawa koki iko wazi, sindano inayofungua na kufunga mlango wa petroli imekwama. Gonga bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi, si kwa nyundo. Pengine itaachia.

Kinyume chake ni petroli inayodondoka chini ya kabureta bila kukoma. Ndani ya bakuli kuna boya, kama maboya ya nyavu za wavuvi wa ziwani kwetu. Petroli ikijaa, boya huinuka na kusukuma sindano ifunge mlango. Punje moja ya mchanga ikikaa pale, mlango haufungi. Au sindano imechakaa. Au boya limetoboka: litikise karibu na sikio, ukisikia petroli ndani, limekufa. Pikipiki ya namna hii usiilaze ndani ya nyumba hata usiku mmoja. Funga koki kila unapoiegesha.

Jeti zinajulisha ugonjwa wao zenyewe ukizisikiliza. Pikipiki ikizima kila unapoachia mkono wa mafuta, na ikitembea tu ukiwa umevuta choki, jeti ndogo imeziba. Ikinguruma vizuri ikiwa imesimama lakini ikikosa nguvu mlimani na abiria wawili, tazama jeti kubwa, au urudi kwenye kipimo cha chupa, pengine mfereji unapitisha kidogo. Na ikipiga kelele yenyewe bila kuvutwa, tazama mpira unaounganisha kabureta na injini, huenda umepasuka na unavuta hewa.

Jeti ni ya shaba laini, na tundu lake limepimwa kiwandani. Ukiingiza waya wa chuma unalipanua, na tangu siku hiyo pikipiki itakunywea fedha bila huruma. Tumia uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, tunao wa kutosha hapa, kisha pulizia kwa pampu ya baiskeli. Kabla ya kufungua skrubu ya pembeni ya kabureta, ifunge kwanza taratibu huku ukihesabu mizunguko, uiandike hata kwenye kiganja. Ukiirudisha, rudisha hesabu ile ile.

Sasa nisikilizwe na wote, hata wasio na pikipiki.

Msinyonye petroli kwa mdomo. Nimeona vijana wakifanya hivyo kila siku, wanatema mate na kucheka. Petroli ikiteleza kuelekea mapafuni inaweza kuua. Ukitaka kuhamisha, tumia mpira wa koki kama nilivyoeleza. Mtoto akinywa petroli au mafuta ya taa, msimtapishe, wala msimpe maziwa wala mawese ili atapike. Akitapika ndipo yanapoingia mapafuni. Mvueni nguo zilizolowa, mwosheni ngozi kwa maji na sabuni, mkimbizeni kituo cha afya mara moja pamoja na chupa aliyokunywa, ili mganga aone ni kitu gani.

Na kwa nini mtoto anywe? Kwa sababu imo katika chupa ya soda, chini ya kitanda, rangi yake inapendeza. Mtoto amezoea kwamba chupa ya soda ina kitu kitamu. Petroli isilale ndani ya nyumba. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kama moshi wa majani mabichi, ukafika kwenye sigiri iliyo chumba cha pili, na huoni kitu. Nyumba zetu zina turubai na nyasi, moto wake haungoji jirani aamke. Petroli ikiwaka, usiimwagie maji, yanaitandaza. Tupa mchanga au udongo mwingi, au funika kwa blanketi zito lililolowa. Ikiwa ni mtu anayeungua, asikimbie. Mlazeni, mzungusheni chini, mfunikeni blanketi, kisha mpozeni kwa maji safi ya baridi kwa dakika 20 huku mkitafuta usafiri. Msimpake dawa ya meno wala asali.

Usiku, mkitafuta ugonjwa wa pikipiki, tumieni tochi. Mshumaa wala kiberiti kisisogee hata kidogo, hata kama mama mgonjwa anangoja na mna haraka. Hapo ndipo haraka inapowaunguza watu wawili badala ya kumwokoa mmoja.

Mwenye pikipiki inayosumbua aje nayo Jumamosi saa tatu ya asubuhi kwenye uwanja huu huu, tanki likiwa na mafuta machache, na aje na chupa yake inayoonyesha ndani, kitambaa kisicho na nyuzi, na bati au sahani ya kuwekea skrubu zisipotee kwenye nyasi. Tutafungua kabureta tatu au nne, watu wakitazama. Akina mama waliouliza juu ya pikipiki zao wanakaribishwa kushika bisibisi wenyewe.